Tawi la wauguzi haliendeshwi kwa fulana za Mei 12

Mhariri,

Kila ifikapo Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, kurasa za magazeti yetu hujaa picha za wauguzi waliowasha mishumaa wakirudia kiapo mbele ya mgeni rasmi. Kesho yake ukimuuliza muuguzi wa zahanati ya pembezoni tawi la mkoa la chama chake cha kitaaluma linafanya nini, atakutajia fulana. Kwa miezi iliyobaki hana cha kukutajia. Lawama huwaangukia viongozi kwamba ni wavivu, au makao makuu kwamba yanakula michango. Mimi naona ugonjwa uko kwingine. Matawi mengi hufa ndani ya siku 60 za kwanza baada ya uchaguzi, kwa sababu ya karatasi ambazo hazikuandikwa siku ile ile ukumbini. Yanayovuka hapo huanguka kwa kuitisha mikutano ambayo muuguzi hawezi kuhudhuria.

Nianze na benki. Uongozi mpya ukishapigiwa makofi, unakuta akaunti bado inasainiwa na watu walioondoka. Benki haibadilishi watia saini kwa maneno matupu. Kwa kawaida itadai muhtasari wa mkutano wa uchaguzi uliosainiwa, barua ya utambulisho kutoka makao makuu, vitambulisho vya taifa vya NIDA vya watia saini wapya, picha za pasipoti na fomu ya sampuli za saini. Kinachokwamisha wengi ni muhtasari. Katibu anaandika kwamba wajumbe walimchagua fulani kuwa mweka hazina, anaishia hapo. Afisa wa benki anaurudisha, kwa sababu hausemi nani anaacha kusaini, akaunti ni namba ngapi wala saini zinazohitajika ni ngapi. Kufikia hapo mweka hazina wa zamani ameshahamishiwa Katavi na aliyeongoza mkutano yuko likizo ya uzazi. Miezi inapita. Akaunti isiyoguswa muda mrefu benki huilaza, na kuiamsha ni safari nyingine na foleni nyingine.

Dawa yake ni azimio linaloandaliwa kabla ya uchaguzi, nafasi za majina zikiachwa wazi: “Mkutano umeazimia kwamba kuanzia leo, tarehe …, watia saini wa akaunti namba …, benki …, tawi la …, watakuwa … (majina matatu kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA), kwamba malipo yatahitaji saini mbili, mojawapo ikiwa ya mweka hazina, na kwamba … wanakoma kuwa watia saini kuanzia leo.” Wagombea wote waje na nakala za vitambulisho na picha mbili. Watakaoshindwa watarudi nazo nyumbani, hakuna hasara. Azimio lisomwe, lipitishwe na lisainiwe kabla watu hawajaenda kula. Baada ya pilau hutampata mtu.

Sasa niingie kwenye mikutano, maana hapa ndipo tawi la wauguzi linapoachana na matawi ya taaluma nyingine. Mawakili wa mkoa mmoja hukutana kwenye korido za mahakama karibu kila siku ya kazi. Wauguzi wa mkoa mmoja hawajawahi kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na haitatokea, kwa sababu wodi haifungwi. Kuna zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku. Kwenye zahanati yenye wauguzi wawili, mmoja akienda mkutanoni na mwenzake akiwa ofu, mjamzito atakayefika siku hiyo atapokelewa na mlinzi. Chukua mkoa kama Morogoro, wenye halmashauri tisa. Kutoka Ifakara hadi Morogoro mjini kupitia Mikumi ni zaidi ya kilomita 200, na Malinyi ni mbele zaidi ya Ifakara. Mkutano wa muda wa saa tatu unamgharimu muuguzi wa Malinyi siku mbili, na wakati wa masika pengine tatu.

Kwa hiyo taarifa ya mkutano haina budi kuifuata rosta, yaani ratiba ya zamu. Wodi nyingi hupanga zamu kwa mwezi mzima, na inchaji, muuguzi anayeongoza wodi, huanza kuipanga katikati ya mwezi unaotangulia. Taarifa ikimfikia tarehe 10, atamwekea mjumbe wake ofu siku hiyo bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Ikimfikia tarehe 28, mjumbe ataanza kubembeleza wenzake wabadilishane naye zamu, na wakikataa hatakuja. Katiba inaweza kusema siku 14 au 21. Zihesabu siku hizo kurudi nyuma kutoka siku ya kupanga rosta, achana na tarehe ya mkutano. Usiweke mkutano wiki ya kwanza ya mwezi, wakati vituo vinafunga ripoti za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), wala wiki ya kampeni ya chanjo. Ratiba za kampeni anazo Muuguzi Mkuu wa Wilaya. Simu moja inatosha.

Akidi nayo ni mtego. Pale kanuni zinapodai nusu ya wanachama wote, tawi lenye majina 600 litahitaji watu 300 ukumbini. Haiwezekani, na viongozi wanajua haiwezekani, kwa hiyo wanaandika “akidi ilitimia” na kusonga mbele. Siku atakapotokea mwanachama mmoja mwenye kinyongo, maamuzi yote ya mwaka huo yataanguka. Utaratibu unaofanya kazi ni wa wawakilishi: mjumbe mmoja kwa kila wanachama hai (wanaolipa michango) kumi, akidi ikiwa theluthi mbili ya wajumbe. Kwa wanachama hai 400 wajumbe ni 40 na akidi ni 27. Lakini tawi halijitungii hilo lenyewe. Chama kimesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337, na katiba iliyosajiliwa ndiyo inayotawala. Pendekezo lipelekwe makao makuu kwa maandishi, na lisitumike kabla kibali hakijarudi.

Nimesema “wanachama hai”. Hao utawajuaje bila daftari? Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya kwanza ya tawi ni majina. Daftari lenye manufaa lina safu saba: jina kama lilivyo kwenye leseni, namba ya usajili ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kituo cha kazi, simu, njia ya kulipa, tarehe ya malipo ya mwisho na kiasi. Ufunguo wa daftari zima ni namba ya usajili. Majina hudanganya: kwenye leseni kuna jina la baba, kwenye orodha ya mishahara kuna jina la ndoa, na kwenye ujumbe wa malipo ya simu linatokea jina la mume, kwa kuwa laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Mweka hazina anapokea Sh24,000 kutoka kwa mwanamume asiyemjua, na mwanachama anaonekana mdaiwa. Mwanachama aandike namba yake ya usajili kwenye sehemu ya kumbukumbu anapolipa, na tabu hiyo itakwisha.

Fedha zipokelewe kwa Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya simu) au akaunti ya tawi, kamwe zisipitie simu ya mweka hazina. Hata akiwa mwaminifu kama mtawa, laini ni yake na ataondoka nayo. Akifariki, salio la wanachama linageuka kuwa mirathi.

Wanaolipa kwa makato ya mshahara wana matatizo yao. Kwanza, makato yanahitaji ridhaa ya mfanyakazi ya maandishi. Fomu hizo zihifadhiwe kwa mpangilio wa vituo, kwa sababu mtu akihama halmashauri makato huweza kukatika kimyakimya. Pili, kuna ile kanuni ya utumishi wa umma kwamba mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Muuguzi mwenye mkopo wa benki na wa saccos akishafika kwenye theluthi, mchango wa chama hauna pa kuingia. Huyo hajagoma. Apigiwe simu na apewe njia ya kulipa kwa robo mwaka. Katibu akilinganisha orodha ya makato na daftari kila baada ya miezi mitatu, atawakamata waliokatika mapema. Akisubiri mwaka, hakuna atakayekubali kulipa malimbikizo.

Na daftari hilo lisipewe mtu wa nje. Mawakala wa mikopo, hasa ile ya riba kubwa iitwayo kausha damu, hulitafuta kwa udi na uvumba, wakati mwingine kwa kisingizio cha kudhamini mkutano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalihusu tawi kama inavyoihusu kampuni. Kulitupia kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 500 ni kulitoa nje pia.

Tuje kwenye hesabu, kwa mfano wa kufikirika lakini wa kawaida. Wanachama hai 400, kila mmoja analipa Sh24,000 kwa mwaka: Sh9,600,000. Tuseme mgao wa tawi ni asilimia 40, sawa na Sh3,840,000. Kamati ya utendaji ina watu 11, saba wanatoka nje ya mji. Nauli, chakula na malazi tukadirie Sh60,000 kwa kila mmoja. Kikao kimoja ni Sh420,000, vinne ni Sh1,680,000. Mkutano mkuu wenye wajumbe 40 kwa wastani wa nauli wa Sh35,000 ni Sh1,400,000, na chai na chakula kwa watu 50 kwa Sh10,000 ni Sh500,000. Jumla Sh3,580,000. Zinabaki Sh260,000 za kuendeshea mafunzo, karatasi, vocha na mambo mengine yote. Yaani tawi linakusanya fedha ili viongozi wakutane kujadili fedha walizokusanya.

Vikao vitatu vikifanyika kwa simu saa tatu usiku, baada ya zamu ya jioni kukabidhi kwa zamu ya usiku na watu kufika nyumbani, na cha nne kikafanyika asubuhi ya mkutano mkuu kwa nauli ile ile, zinaokolewa Sh1,260,000. Mfuko wa kazi unafika Sh1,520,000. Hapo unapata mafunzo matano wilayani kwa Sh300,000 kila moja. Nimeacha posho ya kikao kwa makusudi. Arudishiwe nauli kwa tiketi, alishwe, alale pazuri. Kulipana kwa kukaa kwenye kiti kumezamisha matawi mengi kuliko wizi. Ukumbi uombwe bure kwenye chuo cha uuguzi au hospitali, na barua ya kuuomba iende mwezi mmoja kabla.

Sasa zile fulana. Tawi linaagiza 300 kwa Sh12,000, jumla Sh3,600,000, kwa ahadi za kwenye WhatsApp. Watu 210 wanalipa, zinaingia Sh2,520,000. Pengo ni Sh1,080,000, zaidi ya robo ya mgao wote wa mwaka na sawa na mafunzo matatu na kitu. Zilizobaki hazivaliki mwakani, kwa sababu Baraza la Kimataifa la Wauguzi hutoa kaulimbiu mpya kila mwaka, na mara nyingi ni za saizi moja tu ambayo haimkai mtu. Orodha ya saizi ifungwe Aprili 10, fundi apewe idadi ya waliolipa tu, na fulana ichapwe nembo ya chama bila kaulimbiu. Kaulimbiu iandikwe kwenye bango moja la kitambaa.

Pengo hilo ndilo linalowasukuma viongozi kwa wafadhili. Kampuni ya vifaa au ya bima inaweza kuchangia kwa barua na risiti, nani atakataa? Ila kampuni za maziwa ya kopo ya watoto wachanga zisiguse sherehe ya wauguzi na wakunga. Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama ipo tangu 1981, na mwaka 2016 Mkutano wa Afya Duniani ulipokea mwongozo unaotaka kampuni hizo zisifadhili mikutano ya wataalamu wa afya. Huwezi asubuhi kumfundisha mama kunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi sita, jioni ukavaa kofia yenye jina la kopo.

Mafunzo ndiyo yanayomfanya mwanachama alipe bila kukumbushwa, ila yawe ya mikono. Mhadhara wa slaidi 80 kwa watu 100 unaacha usingizi. Chukua washiriki 24, wagawe makundi manne ya sita, kila kundi na meza yake, saa mbili jumla. Mada ikiwa kutoka damu baada ya kujifungua, usianze na maneno. Pima mililita 500 za juisi ya rozela, imwage kwenye khanga iliyokunjwa, na uitandaze kila mshiriki aiangalie na kuandika kwenye karatasi anakadiria ni kiasi gani. Kusanya karatasi, soma majibu kwa sauti, ndipo utaje kipimo. Wengi hukadiria pungufu, kwa kuwa kitambaa hufyonza na kuficha, na hapo kila mtu anaelewa kwa nini damu ipimwe kwa chombo au shuka lenye vipimo. Ndipo uingie kwenye kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini yuniti 10, asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10 ndani ya saa tatu za kujifungua, na dripu. Meza ya nne iwe ya jokofu: kipimajoto, kitabu cha joto, na swali la oksitosini ya kituo inahifadhiwa wapi. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kabatini Ifakara mwezi wa Februari, utachoma dawa isiyo na nguvu na kudhani mama ndiye sugu.

Karatasi ya mahudhurio iwe na namba ya usajili, saini ya kuingia na ya kutoka. Bila namba, pointi za kujiendeleza kitaaluma hazina pa kuandikwa, na mwanachama atalikumbuka hilo siku ya kuhuisha leseni. Idhini ya mafunzo iombwe kwa Baraza kabla ya kutangaza tarehe.

Jambo linalochosha viongozi kuliko yote ni kubebeshwa mizigo ya wengine. Mwanachama amecheleweshewa kupandishwa daraja, analeta kwenye tawi. Mwingine ana mashtaka ya kitaaluma, naye analeta kwenye tawi. Kuna vyombo vitatu na vinachanganywa kila siku. Usajili, leseni na nidhamu ya kitaaluma viko kwa Baraza, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010. Mishahara, madaraja na malimbikizo ni ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, TUGHE au kingine alichojiunga nacho. Chama cha kitaaluma kinashughulika na ubora wa kazi, mafunzo, na sauti ya wauguzi kwenye sera. Tawi liwe na fomu ya ukurasa mmoja: lalamiko ni nini, tangu lini, nyaraka gani zipo, linakwenda chombo gani. Katibu aandike barua ya kulipeleka ndani ya siku saba, nakala abaki nayo mwanachama. Kusema “tutalifuatilia” bila kuandika ndiko kunakozaa “chama hakina faida”.

Hapa nitawaudhi baadhi. Muuguzi Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya asiwe mwenyekiti wa tawi. Najua faida zake: ana gari, anatoa ruhusa, simu yake haipuuzwi na mtu. Lakini ndiye anayesimamia upangaji wa watumishi. Muuguzi wa zahanati hatasimama mbele yake kusema glovu ziliisha wiki mbili au kwamba analala kituoni peke yake. Mkutano utakuwa na amani na hautakuwa na taarifa. Awe mlezi wa tawi, apewe nakala za mihtasari, aalikwe kufungua mafunzo. Kofia mbili kwenye kichwa kimoja zinampunguzia hata yeye, maana tawi likitaka kumwandikia barua, atajiandikia mwenyewe.

Nimeliacha sanduku la makabidhiano mwisho kwa sababu ndilo husahauliwa. Makabidhiano ya uongozi wa zamani kwa mpya yafanyike ndani ya siku 14, mezani, si kwa simu. Ndani ya sanduku kuwe na faili la mihtasari, daftari la wanachama kwenye karatasi na kwenye kompyuta, kitabu cha fedha kilichofungwa kwa mstari tarehe ya uchaguzi, taarifa ya benki ya miezi 12, na vitabu vya risiti na namba ya kwanza ambayo haijatumika (andika “kuanzia 0413”, usiandike “vitabu viwili”). Pia orodha ya madeni ambayo tawi linadai na ambayo linadaiwa, nenosiri la barua pepe linalobadilishwa pale pale, na uadmini wa kundi la WhatsApp. Fedha taslimu zihesabiwe kwa noti, mbele ya mjumbe mmoja asiye kiongozi, wa zamani wala mpya. Fomu isainiwe nakala tatu, moja iende makao makuu. Na mhuri: kama unabadilishwa, wa zamani ukatwe mpira wake kwa wembe hapo hapo mezani, na alama ya mhuri mpya igongwe chini ya fomu.

Muuguzi na mdau wa vyama vya kitaaluma,
Morogoro